Ukishamtoa Hospitali, Kazi Ndiyo Inaanza

Siku ya kwanza huwa na watu wengi. Jirani anatafuta bajaji, shangazi anapiga simu, mjumbe anaitwa, mtu anajitolea kwenda polisi. Wiki moja baadaye sebule ni tupu, simu zimepungua, na aliyebakwa amebaki na wewe: mama yake, dada yake, mumewe, au rafiki mnayechangia naye chumba. Hapo ndipo maswali magumu yanapoanza. Mbona anaoga mara nne kwa siku? Mbona ananifokea mimi niliyemkimbiza hospitali? Mbona jana alicheka na watoto, leo hataki hata dirisha lifunguliwe? Mwongozo huu ni wako wewe, si wa daktari wala wakili. Wao wana miongozo yao.

Kuna jambo moja ninalolishika kuliko mengine yote: aliyembaka alimwamulia. Alimwamulia mwili wake, saa yake, hata pa kuangalia. Msaada unaoendelea kumwamulia, hata uwe na upendo kiasi gani, unamrudisha mle mle. Kwa hiyo kabla hujafanya lolote kwa niaba yake, iwe kumwita mchungaji, kumhamishia kwa bibi au kumpikia uji asioutaka, jiulize nani ameamua. Ukiona ni wewe, rudi ukamwulize.

Saa 72 za mwanzo

Hili nalipita haraka, lakini likichelewa halirudi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, ambazo vituoni wanaziita PEP, zianzwe ndani ya saa 72 tangu tukio, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Humezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, vile vinavyojulikana madukani kama P2, hutumika ndani ya siku 5, navyo vikiwahi ni bora zaidi. Kuna pia dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini B na kinga ya pepopunda. Kama anaweza kuvumilia, asioge kabla ya kupimwa. Kama ameshaoga, mwende hivyo hivyo na wala usimlaumu. Nguo alizovaa zitiwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki huhifadhi unyevu, na unyevu huharibu ushahidi.

Tanzania wengi hukwama kwenye PF3, ile fomu ya polisi. Kama hospitali ya karibu ina kituo cha Mkono kwa Mkono, nendeni huko moja kwa moja: daktari, polisi, ofisa ustawi wa jamii na mnasihi wanapatikana mahali pamoja, hivyo hatalazimika kusimulia kisa chake kwenye madirisha manne. Zanzibar kituo cha namna hiyo kipo Hospitali ya Mnazi Mmoja. Penye kituo cha polisi tu, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, usimweke asimulie kaunta mbele ya watu waliokuja kuripoti simu zilizoibiwa. Kenya, daktari hujaza fomu ya PRC na polisi hutoa fomu ya P3, na nambari ya msaada, 1195, hupigwa bure. Kwa mtoto, nambari ni 116, Tanzania na Kenya pia.

Muda ukiwa umeshapita, iwe wiki au miaka, bado aende. Majeraha hutibiwa, mimba na magonjwa hupimwa, na unasihi hauna tarehe ya mwisho. Kwa mtu mzima, kushtaki au kutoshtaki ni uamuzi wake, na matibabu ya dharura hayapaswi kuusubiri.

Sikiliza bila kupeleleza

Jibu lako la kwanza atalikumbuka miaka na miaka. Lisiwe refu. "Pole sana. Nakuamini. Kosa si lako." Kisha nyamaza, maana wengi wetu tunaharibu hapo: tunaogopa ukimya, tunaujaza kwa mawaidha. Baada ya muda unaweza kumwuliza, "Unataka nifanye nini sasa hivi?" Akisema hajui, mpe mambo mawili madogo achague. Tukae hapa nje au tuingie ndani? Nimwite dada yako au tubaki wawili?

Yapo maswali yanayoonekana ya kawaida na yanakata kama wembe. Ulifuata nini kwake? Ulikuwa umevaaje? Mbona hukupiga kelele? Hili la mwisho linahitaji kuelezwa vizuri, kwa sababu huenda hata yeye anajiuliza usiku kucha. Mwili wa binadamu ukizidiwa na hofu hupigana, hukimbia, au huganda. Kuganda hakuchaguliwi. Misuli inakataa, sauti haitoki, na wapo wanaoeleza kwamba walijiona kama wanalitazama tukio wakiwa juu darini. Wengine hutii wasije wakauawa. Kutii si kukubali. Mwambie hivyo waziwazi, tena zaidi ya mara moja.

Kisa kikija vipande vipande, kipokee hivyo hivyo. Anaweza kukumbuka rangi ya pazia na asikumbuke ilikuwa siku gani, au akaanza mwisho na kumalizia mwanzo. Ndivyo hofu kubwa inavyohifadhiwa kichwani. Si dalili ya uongo. Kazi ya kupanga matukio kwa tarehe na saa waachie polisi.

Na kwa baba, kaka na waume: najua mkono unawasha. Lakini ukisimama mbele yake ukaapa utamkata mtu mapanga, yeye ndiye atakayelazimika kukutuliza wewe, na juu ya maumivu yake ataongeza hofu kwamba utafungwa kwa ajili yake. Safari ijayo hatakuambia kitu. Hasira hiyo ipeleke kwa rafiki, au kwenye matembezi marefu, halafu urudi.

Ndani ya nyumba, mwezi baada ya mwezi

Usiku ndio mgumu zaidi. Akitaka taa iwake hadi asubuhi, iache iwake. Umeme wa Luku utaisha mapema kidogo, basi. Akitaka komeo, nunua komeo. Akitaka mtu alale naye chumba kimoja, aseme ni nani. Akipiga kelele usingizini usimtikise. Simama hatua moja au mbili mbali naye, mwite jina lake, umwambie alipo: "Ni mimi, mama. Uko nyumbani. Leo ni Jumatano, mlango umefungwa." Sema kwa sauti ya kawaida, rudia mpaka akutambue.

Mchana yapo mambo yanayomrudisha kule bila kubisha hodi: marashi fulani, mlio wa funguo, wimbo uliokuwa ukipigwa, konda wa daladala anayemsukuma mgongoni ili asogee. Ghafla unamwona macho yamefumbuka lakini mwenyewe hayupo. Mwombe akanyage chini kwa nguvu, ataje vitu vitano anavyoviona, ashike kikombe cha maji baridi. Yanasaidia kwa sababu yanamrudisha kwenye chumba alichomo. Usimguse kabla hujamwuliza.

Kuuliza kabla ya kugusa ni kugumu kwetu. Sisi ni watu wa kushikana mikono, wa kuegemeana, wa kubebana. Chukua kusukwa, jambo tusilolifikiria kabisa: umekaa katikati ya magoti ya mtu, kichwa kimeshikwa, uko mgongo kwake, hujui mkono utatua wapi. Wapo wanawake wanaoacha kusuka kwa miezi na ndugu zao wakadhani wamejikatia tamaa na urembo. Ukimsuka wewe, mwambie kila unapohamia: "Sasa nakuja nyuma ya sikio." Mpe kioo akuone. Akisema inatosha, acha, hata kama imebaki mistari miwili. Mistari iliyobaki si hasara. Amesema basi na mtu amesikia.

Zile siku 28 za PEP nazo huharibikia nyumbani, mbali na macho ya muuguzi. Dawa huweza kuleta kichefuchefu na uchovu, na wengine huziacha njiani. Kuna pia kopo lenyewe. Mpangaji mwenzenu akiliona juu ya kabati, jioni nyumba nzima itakuwa inajua kwamba fulani ana ngoma. Tafuteni pamoja mahali pa kuliweka, mwulizeni mfamasia kuhusu kumeza baada ya chakula, na kama anapenda, tumia kengele ya simu yako kumkumbusha. Kama anapenda. Kisha kuna kipimo cha VVU cha kurudia baada ya miezi 3, na siku hiyo huwa nzito kuliko anavyokiri. Mwulize mapema kama anataka msindikizaji.

Siri ni yake. Usimwambie mtu bila ruhusa, hata dada yako, hata kiongozi wa dini. Niliwahi kuona ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Tumwombee binti yetu, amepatwa na jambo zito la aibu." Hakutajwa jina, lakini binti katika ukoo ule aliyekuwa haonekani siku hizo alijulikana ni nani. Aliyeuandika alikuwa na nia njema kabisa, na maombi yangefika hata bila WhatsApp. Neno aibu nalo lilimwangukia asiyestahili.

Usimnyang'anye kazi zote za nyumbani kwa kumhurumia. Mwenye kulala mchana kutwa huku wengine wanafua na kupika hujiona mgonjwa asiyepona. Mwulize leo angependa kufanya nini, na jibu likiwa "hakuna", kesho uliza tena bila kununa. Kupona hakuendi moja kwa moja. Atakuwa na wiki nzuri, kisha tarehe ya tukio itakaribia, au taarifa ya habari itataja kesi nyingine, na mtarudi nyuma hatua kumi. Hamjaharibu kitu.

Kwa mume au mpenzi, kitandani yeye ndiye mwenye neno, kwa muda atakaohitaji. Inaweza kuwa miezi. Wapo wanaotaka kukumbatiwa tu na wanashindwa kusema kwa kuogopa kwamba kukumbatiwa kutaleta mengine. Mwahidi kwamba hakutaleta, na utimize.

Mbakaji akiwa wa ukoo

Mara nyingi mtendaji si mtu wa gizani. Ni mjomba, ni binamu, ni mpangaji, ni mwalimu wa tuisheni. Hapo kikao kinaitishwa haraka kuliko gari la polisi. Wazee wanasema damu nzito kuliko maji, mambo ya nyumbani yaishie nyumbani. Wanatajwa ng'ombe au fedha, na mtu anaulizia itakuwaje jina la familia. Fahamu kwamba Tanzania, tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kosa la ubakaji lina kifungo kisichopungua miaka 30. Ni jinai dhidi ya Jamhuri. Kikao cha ukoo hakina mamlaka ya kulifuta kwa ng'ombe. Kenya ina sheria yake ya makosa ya ngono ya 2006, nayo haikuacha mlango wa wazee kuyamaliza.

Katika kikao hicho wewe ndiye unayeweza kusema pale ambapo yeye hawezi. Huhitaji hotuba. Sema: "Hatutaamua hili bila yeye, na hatutamweka chumba kimoja na huyu." Wakikuona mkorofi, vumilia.

Halafu inakuja harusi, au msiba, na mtu yule atakuwepo. Mwulize manusura kama anataka kwenda, akienda atakaa na nani, na akitaka kuondoka mtaondokaje. Akichagua kubaki nyumbani, wewe ndiye utakayetoa udhuru. Na usimlazimishe kumwamkia. Nimewasikia watu wazima wakimkemea msichana kwa kukosa adabu kwa sababu hakumpa mjomba wake shikamoo, na mjomba akasimama pale kichwa kaelekeza, anaingoja. Adabu gani hiyo?

Msamaha pia usiuharakishe. Padri, sheikhe, mama mkwe, wote watamwambia asamehe apate amani. Huenda siku moja atasamehe, huenda hatasamehe, na anaweza kupona bila kusamehe. Imani inawasaidia wengi sana, nami siipuuzi, ila sala iwe ile anayoitaka mwenyewe.

Mtoto, na mvulana

Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 hivi kati ya 7 walipitia ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa mtoto, kanuni ya uamuzi inapungua nguvu lakini haiondoki. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu itabidi utoe taarifa. Mwambie badala yake ni nani utamwambia na kwa nini. Vingine vyote mwachie achague: nguo ya kuvaa kwenda hospitali, nani ashike mkono wake, kama mlango wa chumba cha daktari ubaki wazi.

Asihojiwe na kila mtu mzima anayeingia nyumbani. Kila anaporudia kisa kwa kulazimishwa, anaumia, na maneno ya watu wazima yanajichanganya na yake. Anaweza kuanza tena kukojoa kitandani, kunyonya kidole, kuogopa choo cha shule, au kuwa mgomvi. Hayo si utundu. Ratiba ya kawaida humtuliza kuliko zawadi: saa ile ile ya kula, saa ile ile ya kulala, mtu yule yule wa kumfuata shule. Na msichana aliyepata mimba asiambiwe kwamba shule imekwisha. Tangu Novemba 2021 Tanzania inaruhusu waliojifungua kurudi darasani.

Wavulana hunyamaza zaidi. Aliyelawitiwa anaogopa kuitwa majina, na mara nyingi baba ndiye anayeongoza kwa kuogopa hivyo. Mwambie mambo mawili. Kwanza, kilichotendeka hakimgeuzi kuwa kitu kingine. Pili, kama mwili wake uliitikia wakati wa tukio, hiyo ni kazi ya mishipa, haina maana kwamba alitaka. Wapo wanaume wenye wajukuu ambao hawajawahi kuisikia sentensi hiyo ya pili. Wahudumu wa Mkono kwa Mkono humpokea mvulana kama wanavyompokea msichana.

Mahakamani

Kesi ikifika mahakamani, jiandae kwa kuahirishwa. Mtaamka alfajiri, mtavaa, mtafika, mtaambiwa shahidi mmoja hayupo, rudini tarehe nyingine. Kwa mtu aliyejikaza wiki nzima ili asimulie, hilo ni pigo. Beba maji, nauli ya kurudi, na mpango wa mchana huo usiohusu kesi. Ushahidi wa makosa haya husikilizwa kwa faragha, na ni vizuri alijue hilo mapema, kwa kuwa wengi huogopa kwamba mtaa mzima utajazana ukumbini.

Usimfundishe la kusema. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kusema kwamba ushahidi bora wa ubakaji ni wa aliyetendewa mwenyewe, kwa hiyo kukosekana kwa vipimo si lazima kuue kesi, na maneno ya kukaririshwa yanaweza kuiua. Mshtakiwa akiachiwa huru, rudia yale ya siku ya kwanza: nakuamini.

Zaidi ya dawa na kesi

Bukavu, mashariki mwa Kongo, Hospitali ya Panzi iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999 ilijikuta ikitibu wanawake waliobakwa vitani kwa maelfu. Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Ninachotaka ukione ni jinsi Panzi wanavyopanga huduma: matibabu ya mwili, msaada wa nafsi, msaada wa kisheria, na njia ya kujipatia riziki, vyote vikienda pamoja. Hilo la nne tunalisahau. Binti aliyeacha kazi ya dukani kwa sababu mwenye duka ndiye aliyembaka anahitaji mnasihi, ndiyo, lakini anahitaji pia kodi ya chumba ya mwezi ujao. Ukiwa na mtaji mdogo wa kumkopesha, cherehani isiyotumika, au jina la mwajiri mwaminifu, umeleta tiba.

Mnasihi mwenye mafunzo anapatikana kupitia ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri au hospitali ya wilaya. Asipoelewana na wa kwanza, atafutiwe mwingine.

Kuna wakati ambapo huachi mambo mikononi mwake peke yake. Akianza kugawa vitu vyake, kusema mngekuwa na raha bila yeye, au kunyamaza kwa utulivu wa ghafla baada ya wiki za kilio, mwulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, mara nyingi kunampa nafasi ya kulitua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa nyumbani dawa za wadudu na vidonge vilivyolimbikizwa, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Nawe utachoka. Utaota ndoto zake, utawafokea wanao bila sababu, utajikuta unamkwepa. Mgawane zamu na mtu mmoja ambaye yeye manusura amemridhia, na kama unahitaji mnasihi wako mwenyewe, nenda. Huko zungumza uchovu wako na hofu zako. Jina lake na kisa chake utavitaja tu kama amekuruhusu.